Nyinyoro au yungiyungi?

SWALI: Kwaya yetu inafanya mazoezi ya wimbo wenye maneno "nyinyoro ya mabondeni". Mwenzetu mmoja anashikilia kuwa ni "yungiyungi", maana ndivyo Biblia yake inavyosema. Nani yuko sahihi? Na asili ya jina hili ni nini?

JIBU: Mwacheni na Biblia yake, ila wimbo msiuguse. "Mimi ni ua la uwandani, ni nyinyoro ya mabondeni" ni Wimbo Ulio Bora 2:1 katika Biblia ya Union ya mwaka 1952. Yungiyungi limeletwa na tafsiri za karibuni.

Mimea hii hata makazi haishirikiani. Nyinyoro huota nchi kavu. Fukua chini yake utakuta tunguu, magamba yamekumbatiana kama kitunguu cha jikoni. Yungiyungi ni la majini: majani yamelala juu ya bwawa, na ukivuta bua linakuja refu, teketeke, limejaa vitundu vya hewa. Sasa ua ambalo mstari wa pili unaliweka kati ya miiba litakuwaje la bwawani?

Lakini msimcheke mwenzenu bado. Kwa Kiebrania ua hilo ni shoshana, neno ambalo wanaisimu hulirudisha kwenye Kimisri cha kale, seshen, na seshen ni yungiyungi hasa, lile la Mto Nile. Neno liliondoka Misri likiwa la majini, likafika Kanaani likapanda nchi kavu. Basi mwenzenu kakosea ua, kapatia asili! Shoshana hiyohiyo kwa Kigiriki ikawa Sousanna, jina la mwanamke, ndio hawa akina Susana wa kwetu. Waarabu nao wana sawsan, ua na jina la binti.

Ua lenyewe Wagiriki waliliita krinon. Ndilo lililomo katika Mathayo 6:28, ambapo watafsiri wetu walikwepa mzozo wote wakaandika "maua ya mashamba, jinsi yameavyo". (Hilo "yameavyo" silibadilishi na kitu.) Kutokana na krinon, Carl Linnaeus wa Uswidi aliunda jina la kitaalamu Crinum, jamii ya matunguu ya mwituni ambayo mengi ni ya Afrika.

Kuhusu upatanisho: nyinyoro ya, nyinyoro za, yungiyungi la, mayungiyungi ya. Mwenzenu akiimba "yungiyungi ya", hapo mrekebisheni.