Barua kwa mwanangu: jibu liko kwenye meza ya ruleti

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kuhusu filamu ya Casablanca: iwapo Rick, yule mwenye mkahawa, anampenda Ilsa kiasi kile, mbona mwishoni anampandisha ndege aende zake na mumewe? Ukaongeza kwamba mwisho ule unaonekana umebandikwa tu, maana umesoma kuwa muswada ulikuwa haujakamilika wakati filamu inapigwa.

Hilo la muswada ni kweli. Walipiga picha California, katika studio za Warner Bros., kuanzia Mei hadi Agosti 1942, huku ndugu mapacha Julius na Philip Epstein, pamoja na Howard Koch, wakileta kurasa mpya kazi ikiendelea. Ila usivutwe sana na kisa hicho. Hollywood ya siku zile ilikuwa na kanuni za maadili, na mke wa mtu kumtoroka mume mwema akafuate mpenzi wa zamani kusingepita. Mlango huo ulikuwa umefungwa mapema. Kazi ya waandishi ilikuwa kumfanya Rick aufunge kwa mkono wake mwenyewe, nasi tumwamini.

Wengi huitafuta sababu yake mwishoni, kwenye uwanja wa ndege wenye ukungu. Wanachelewa. Rudisha filamu hadi usiku wa pili mkahawani, Annina anapomjia Rick. Ni bibi arusi mdogo kutoka Bulgaria, hana pesa za viza, na Kapteni Renault, mkuu wa polisi, yuko tayari kumpa viza kwa malipo ambayo si ya fedha. Annina hamwombi Rick pesa. Anamuuliza: mwanamke akikupenda sana, akatenda jambo baya ili wewe upone, usijue kamwe, naye akalifungia moyoni, ungemsamehe? Rick anamjibu kwamba hajapata kupendwa kiasi hicho na mtu yeyote.

Simamisha picha hapo. Hicho ni kinaya kikubwa kuliko chochote katika filamu hii, kwa sababu amependwa vivyo hivyo. Kule Paris, mwaka 1940, Ilsa alikuwa ameambiwa kwamba mumewe, Victor Laszlo, kiongozi wa wapinga Wanazi, amekufa kambini. Akapata habari kuwa yu hai, mgonjwa, amefichwa, muda mfupi tu kabla ya kuondoka na Rick. Akanyamaza, kwani alijua Rick akisikia ukweli hataondoka, na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, watamkamata. Kilichomfikia Rick kituo cha treni ni barua fupi, na katika mbinu rejeshi unaona matone ya mvua yakiyeyusha wino, herufi zikitiririka kama machozi. Swali la Annina, basi, ni utetezi wa Ilsa uliotoka kinywani mwa mtu mwingine, saa chache kabla Ilsa hajafika, usiku huohuo, kujitetea mwenyewe.

Sasa tazama anachofanya Rick. Anamwendea mume wa Annina kwenye ruleti, kamari ya gurudumu lenye namba, na kumuuliza kama amejaribu 22. Inaingia. Anamwambia aiache palepale. Inaingia tena. Kisha anamwambia achukue fedha zake, ambazo sasa zinatosha viza, na asirudi tena humo. Akimuuliza mwendesha meza usiku unakwendaje, anajibiwa kwamba fedha za mkahawa zimepungua elfu kadhaa kuliko alivyotarajia. Mwendesha meza huyo ni Marcel Dalio, mwigizaji Mfaransa aliyekimbia Wanazi kweli. Kati ya waigizaji waliotajwa majina mwanzoni, watatu tu ndio waliozaliwa Marekani.

Ukiandika uhakiki wako, chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kanuni za Rick, kulia dakika anapozivunja. Tunapomwona mara ya kwanza ni mkono unaotia sahihi hundi ya tarehe 2 Desemba 1941, kisha ubao wa sataranji anaoucheza peke yake. Ugarte, mlanguzi wa viza, anakamatwa na polisi akimshika Rick nguo, naye Rick hainui kidole. Hanywi na wateja. Akina Laszlo wakija, anakaa na kunywa, halafu analipa bili yeye, na Renault anatia maneno kila mara. Halafu 22. Halafu Wajerumani wanaimba wimbo wao, Laszlo anawaambia wanamuziki wapige Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, nao hawapigi. Wanamtazama Rick kwanza. Anainamisha kichwa kidogo tu, na ile sekunde moja inamgharimu mkahawa mzima, kwa kuwa usiku huohuo unafungwa.

Kwa hiyo akifika uwanjani ameshabadilika. Kitu kipya pale ni uongo anaomwambia Laszlo: kwamba Ilsa alimjia usiku akajifanya bado anampenda Rick ili apate hati za kutokea Casablanca, naye Rick akamwacha ajifanye. Ndilo jibu lake kwa Annina. Anamsaidia Ilsa kulifungia jambo moyoni, tena mbele ya mumewe, ambaye huenda anajua na anakubali kutojua.

Jihadhari na makosa mawili yanayorudiwa kila mahali. Hakuna mtu katika filamu anayemwambia Sam, mpiga piano wa mkahawa, apige wimbo “tena”. Ilsa anamwambia aupige, basi. Na zile hati za kusafiria zisizoweza kuhojiwa ni za kubuni, usipoteze ukurasa kuzitafuta katika historia. Afadhali utaje 1935, mwaka ambao Rick anasemekana alipeleka silaha Ethiopia, ilipovamiwa na Italia. Maneno yanapita haraka, lakini yanakuonyesha kwamba Rick asiyejali mtu si Rick wa asili.

Usiifiche dosari pia. Casablanca ni mji wa Morocco, ila Wamorocco humo ni kanzu zinazopita nyuma ya meza. Sam, anayeigizwa na Dooley Wilson aliyekuwa amepita miaka 50, Ilsa anamwita kijana. Rick hukataa kumuuza, anasema yeye hauzi wala hanunui watu, na akiuza mkahawa anadai Sam apate asilimia 25 ya faida, wakati Ferrari, mnunuzi, anajua ni 10. Ni kauli nzuri, lakini Sam mwenyewe hayupo mezani mafungu yanapogawanywa.

Na Ilsa naye, hilo ndilo ambalo ningetaka ulikazie. Usiku ule anamwambia Rick afikirie kwa niaba yao wote, kisha uwanjani anasikia jina lake likiandikwa kwenye hati pamoja na la mumewe, bila kuulizwa. Muswada unampa Rick ngazi nzima ya kupanda, hatua kwa hatua. Ilsa unampa uso tu, na Ingrid Bergman anaubeba. Zima sauti katika ile picha ya karibu ukungu ukiingia, ukubwa wa macho yake ujaze skrini, halafu uniandikie unachodhani anakubali.

Mama yako