Una ugonjwa wa utumbo na umeajiriwa? Usifiche kama nilivyoficha mimi

Mi nilikuwa laini ya kuchuna ngozi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, wanaoijua kazi ile wananielewa, ukitaka kwenda chooni unavua aproni, glavu na gambuti, ukirudi unanawa upya unakanyaga maji ya dawa ndo uingie, na muda wote huo samaki wako wanawalundikia wenzako. Mi nilikuwa naenda mara nane kwa shifti, na choo kina damu.

Karibu mwaka nilitibiwa amiba, baadae kichocho (huku ziwani kichocho kipo kweli, kwaiyo siwalaumu waliokiwaza), mara bawasiri, inapoa wiki mbili inarudi. Mpaka nilipopimwa utumbo kwa kamera na kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima ndo ikaonekana ni kolaitisi ya vidonda, yani kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpana. Hauambukizi.

Sasa anayeharisha haruhusiwi kugusa samaki, ni kanuni ya usafi na ni haki kabisa, ila mi nikaogopa kufukuzwa nikawa naficha. Nikaacha kula. Saa kumi alfajiri napanda daladala kutoka Buhongwa bila hata chai ili nisiaibike njiani, nashinda hivyo mpaka jioni, wiki ya tatu nikaanguka palepale kwenye laini, nikapimwa damu ipo chini sana. Ndugu yangu usijishindishe njaa, vidonda haviponi kwa njaa na damu inatoka vilevile.

Muombe daktari barua, sio ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika) ya siku mbili, barua inayosema ugonjwa ni wa muda mrefu, hauambukizi na unatakiwa ukae karibu na choo. Ipeleke kwa afisa rasilimali watu kabla hujaanza kuandikiwa maonyo, maana ukija nayo baada ya onyo la tatu wataona umeitafuta kujitetea. Na kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, mradi uwe na cheti cha daktari. Mi sikujua, nikamalizia likizo yangu ya mwaka kitandani na siku nyingine nikakatwa kama mtoro. Inaniuma mpaka leo.

Dawa usiache ukipata nafuu, hasa prednisoloni (ya kutuliza uvimbe), ile daktari ndo anaipunguza taratibu, ukiikata ghafla ni hatari. Na diklofenaki (dawa za maumivu) za kujinunulia ziepuke, zinaweza kuuamsha ugonjwa.

Nilipopeleka barua, haikuisha wiki nikahamishiwa stoo ya maboksi, choo kipo mlango wa pili, na supavaiza yuleyule niliyekuwa namkimbia ndo aliyenipeleka kunitambulisha kwa wenzangu wapya.