Baridi imeingia: kuni, mkaa, gesi au umeme?

Kuanzia Juni hadi Agosti, wasomaji wa nyanda za juu kusini hutuuliza nyumba waipashe joto kwa kutumia nini. Haya ni maswali ya wiki hii.

Nimehamishiwa shule moja Makete nikitokea Tanga. Majirani hulala na jiko la mkaa chumbani, wanasema ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara. Ni kweli?

Mwalimu, si kweli, na nakusihi usilale na jiko hilo hata usiku mmoja. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika kwenye damu mahali pa oksijeni na kung'ang'ania hapo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, lakini aliyekwisha kulala hazisikii. Beseni la maji ambalo wengi huliweka pembeni ya jiko halisaidii kitu, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Oteni moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala, hata likibaki na makaa machache chini ya majivu. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitambaa, na blanketi la pili. Mkimkuta mtu amezidiwa, mtoeni nje kwanza, halafu mkimbizeni hospitali. Anahitaji oksijeni, msipoteze muda kumnywesha maziwa.

Mimi ni mstaafu, niko Njombe. Shambani nina miwati na mipaina. Kuni zipi zinafaa meko ya sebuleni yenye bomba la moshi?

Shikamoo mzee wangu. Chukua miwati. Mti wake ni mzito, moto wake hauzimiki haraka, na unaacha makaa yanayodumu. Paina itumie kuwashia: inashika upesi na kuisha upesi, na utomvu wake huongeza masizi kwenye bomba.

Lakini ukavu una uzito kuliko aina ya mti. Gogo bichi linaweza kuwa karibu nusu maji kwa uzito, na moto wako utaanza kwa kuyachemsha maji hayo kabla haujakupasha wewe. Kuni za baridi ya mwakani zikate na kuzipasua kiangazi hiki, uzipange juu ya magogo zisiguse udongo, zipitishe upepo katikati, na ziwe chini ya paa kabla ya mvua za Novemba. Gonga vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Ukiona povu likitoka kwenye ncha ya ukuni motoni, rundo hilo liache likauke zaidi. Na bomba lisafishwe kila mwaka kabla ya Juni, kwa sababu masizi yaliyojazana huweza kuwaka.

Umeme umefika kijijini. Hita haitakuwa rahisi kuliko kuni?

Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa tatu kila jioni inakula uniti 4.5, yaani uniti 135 kwa siku 30. Bei nafuu ya watumiaji wadogo inakomea uniti 75 kwa mwezi, na hapo bado taa na pasi. Iwasheni nusu saa wakati wa kumwogesha mtoto mchanga. Hapo inastahili gharama yake.

Na gesi ya mtungi mdogo?

Hita ya gesi ya kilowati 3 humaliza mtungi wa kilo 6 kwa takribani saa 26. Ukiota saa nne kila usiku, wiki haiishi. Gesi ibaki ya kupikia, na jiko la gesi lisiachwe likiwaka ili kupasha chumba joto.

Tuko Mafinga, vumbi la mbao tunapewa bure kiwandani. Tunalishindilia kwenye ndoo ya bati yenye tundu katikati. Tuliingize ndani?

Jikoni kwenye bomba la moshi, sawa, mradi vumbi liwe kavu. Likiwa na unyevu hufuka moshi muda mrefu kabla ya kushika, kwa hiyo lianike juani kwenye turubai kwanza. Lakini chumba cha kulala kisicho na bomba, hapana: moto wa ndoo hiyo huungua polepole usiku kucha, na hewa yake ni ileile niliyomweleza mwalimu wa Makete.