Usiache Kulala Mchana, Acha Kukurupuka

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejilaza kidogo na kuamka, kwa hiyo haya yanatoka kwa mtu mwenye akili zake timamu. Unasema siku ukilala mchana, jioni mazoezini mguu wa kushoto unakusaliti. Unaruka vizuri kwenye wavu, ila ukitua unapepesuka kama mtu aliyeshuka chomboni sasa hivi. Mwalimu wenu amekwambia usingizi wa mchana unalegeza mwili, uuache. Ndipo ukaniuliza mimi, kwa kuwa nimelala mchana karibu miaka 30 ya kupaka rangi, na mkate wangu wote niliupatia juu ya ngazi.

Mwalimu ameona kweli, unayumba. Lakini amemkamata asiye mwizi.

Mwizi umemtaja mwenyewe, tena kwa kupitia tu, katikati ya barua: unalala saa nzima au zaidi, simu inalia, unavaa viatu, na dakika kumi baadaye uko uwanjani unaruka. Hapo niliposoma nilicheka, maana nilijiona.

Unaikumbuka plasta ya mkono wangu, ile uliyoichorachora maua ukiwa darasa la nne? Wewe na mama yako niliwaambia ngazi iliteleza. Ngazi haikuteleza. Siku ile nililala kwenye turubai chumba cha nyuma, nikalala fofofo kupita kawaida yangu kwa sababu usiku uliotangulia sikulala vya kutosha. Mwenzangu akanigutua kwamba mwenye nyumba amefika. Nikakurupuka, nikashika ndoo, nikapanda. Kidato cha nne cha ngazi nikakikosa. Nilikiona kwa macho yangu, lakini mguu ulikwenda pembeni yake, kana kwamba aliyekuwa akiuongoza hajaamka. Mkono ukapata ufa, na sakafu ya watu nikaipaka rangi ambayo hawakuiagiza.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa viungo aliyenifanyisha mazoezi baada ya plasta kutolewa. Aliniuliza swali moja tu: "Ulikuwa umeamka kwa muda gani?" Nikamwambia, pengine dakika mbili. Akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kila nipatapo cha kusoma, na nitakueleza nilivyolielewa.

Mwili hausimami kwa nguvu za miguu peke yake. Ubongo unapokea habari kutoka pande tatu. Macho yanauambia dunia imekaaje. Sikio la ndani lina mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, kila upande, inayohisi kichwa kinapogeuka, na pembeni yake kuna vijiwe vidogo mno vinavyohisi kuinama na mwendo wa kwenda mbele au juu na chini. Kisha nyayo, misuli na viungo vinaleta habari zao: uzito uko kisigino gani, goti limepinda kiasi gani. Ubongo unazilinganisha habari hizo, na ule ubongo mdogo ulio kisogoni unarekebisha misuli kabla wewe hujajua kuna cha kurekebishwa. Unapotua kutoka juu, kazi hiyo yote inatakiwa iishe kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Sasa chukua mtu mwenye wenge la usingizi. Usingizi una vina. Dakika za mwanzo unaelea juu juu. Ukivuka nusu saa hivi, hasa kama una deni la usingizi wa usiku, unazama kwenye ule mzito, na mzunguko mzima huchukua kama dakika 90 kabla ya kurudi juu. Simu ikikutoa kule chini, macho yanafunguka lakini sehemu nyingine za ubongo bado ziko njiani. Wenge hilo mara nyingi hupungua ndani ya dakika 15 hadi 30, ila kwa mtu mwenye deni kubwa linaweza kuvuta saa nzima. Mguu wako haujalegea, binti yangu. Unapeleka habari vizuri kabisa, tatizo ni majibu yanayochelewa.

Kuna na la damu. Ukiwa umelala, moyo hauna mlima wa kupanda. Ukisimama ghafla, nusu lita ya damu au zaidi inashuka tumboni na miguuni, na moyo na mishipa inabidi ifidie haraka. Ikichelewa, unaona giza au kichwa kinakuwa chepesi. Ninyi mnaokimbia sana, ambao mapigo yenu ya moyo yako chini mkipumzika, hamjasalimika na hilo. Linawapata vizuri tu, hasa mkiwa hamjanywa maji ya kutosha.

Kwa hiyo nikuambie uache kulala? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu wako moja kwa moja. Mtu aliyekosa usingizi anayumba zaidi kuliko aliyelala. Wapimaji huwasimamisha watu juu ya bamba linaloonyesha jinsi uzito unavyohamahama chini ya nyayo, na waliokesha hutikisika zaidi hata wakidhani wamesimama wima. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekuwa macho saa 17 mfululizo, akipewa kazi ya kuoanisha mkono na jicho, hufanya vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Hesabu mwenyewe: ukiamka saa 11 alfajiri, saa hizo 17 zinatimia saa 4 usiku, na mechi zenu nyingine ndiyo kwanza zinaisha.

Tena kuna wale marubani wa safari ndefu ambao NASA, shirika la anga la Marekani, liliwapima. Waliopewa nafasi ya dakika 40 ya kulala kwa zamu walipata usingizi wa wastani wa dakika 26, na mwisho wa safari walikuwa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Na huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2011, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliongeza usingizi kwa wiki kadhaa. Wakakimbia haraka zaidi na mitupo yao ikawa sahihi kwa takriban asilimia 9 zaidi. Usiku wao ndio uliorefushwa hasa, sitaki kukudanganya, lakini umeona usingizi unakaa upande gani.

Basi mimi ningefanya hivi. Lala mapema, kati ya saa 7 na saa 9 mchana, wakati ambao mwili wenyewe husinzia hata kama hujala. Ukivuta hadi jioni utaibia usiku. Weka simu ikuamshe baada ya dakika 20 au 25. Kama usiku ulikuwa mbaya kweli na una nafasi, lala dakika 90 umalize mzunguko, lakini usiishie saa nzima katikati, huko ndiko unakonaswa sasa. Wengine hunywa kahawa kisha wakalala papo hapo, kwa kuwa inachukua kama nusu saa kushika, basi wanaamka nayo. Mimi ilinifaa. Wewe unayelala saa 4 usiku uiangalie, maana baada ya muda wa saa tano nusu yake bado iko mwilini.

Ukiamka, usikurupuke. Kaa ukingoni mwa kitanda, kaza na kuachia mashavu ya miguu mara kumi hivi ili damu ipande, kunywa maji, toka kwenye mwanga. Halafu iwepo angalau nusu saa, na saa nzima ikiwezekana, kabla ya kuruka. Kupasha mwili moto anza na kutembea na kukimbia polepole. Mazoezi ya mguu mmoja yaje mwishoni.

Wala usinisadiki kwa kuwa ni baba. Jipime. Simama kwa mguu mmoja, macho umeyafumba, karibu na ukuta wa kushika, uhesabu sekunde: kabla ya kulala, mara unapoamka, baada ya robo saa, baada ya nusu saa. Fanya wiki mbili, miguu yote miwili, siku za kulala na siku za kutolala. Usizishangae sekunde zikipanda kila siku, mwili hujifunza mtihani. Unachotafuta ni tofauti kati ya saa na saa za siku ile ile.

Mambo mawili hayamo katika haya yote. Ukigeuka kitandani na chumba kikazunguka kwa sekunde kadhaa kisha kikatulia, hilo huenda ni la vijiwe vya sikioni vilivyohama mahali pake, na daktari huvirudisha kwa kukugeuza kichwa tu. Na kama usiku unalala kwa muda wa saa 7 au 8 kamili lakini mchana bado unashindwa kukaa macho, usiniandikie mimi, nenda ukapimwe.

Mwalimu wako usibishane naye. Fika mazoezini ukiwa umeamka, atasahau alichokisema. Mama yako anakusalimu. Sasa anajua habari ya ngazi, amesoma juu ya bega langu, na ananidai maelezo ya miaka mingi. Niandikie zile sekunde utakapozipata, hasa za mguu wa kushoto. Kama unayumba hata siku usiyolala, basi tutaanza kuuliza habari ya kile kifundo ulichokitegua mwaka jana.

Ni mimi,
Baba yako