Fundi, kitochi changu nikitupe?

SWALI: Mbukwenyi, fundi. Nalima mahindi na alizeti huku Kongwa. Kitochi changu ndicho kinachonipa bei ya gunia soko la Kibaigwa kabla sijakodi gari, na malipo yangu yanaingia humohumo. Mtandao naupata nikipanda kichuguu nyuma ya zizi. Mwanangu wa mjini anasema nikitupe, ninunue simu ya 5G, eti mitandao ya zamani inazimwa na 6G iko njiani. Ni kweli?
Mama wa Kongwa

JIBU: Mbukwa, mama, na shikamoo.

Kijana hajakudanganya, kaharakisha tu. Japani ilizima 2G, yaani mtandao wa kizazi cha pili ambao kitochi chako hutumia, mwaka 2012, Australia ikazima 3G mwaka 2024. Kwetu 5G iliwashwa 2022. 6G inatazamiwa kuanzia mwaka 2030 hivi. Lakini 5G yenye kasi kubwa hutumia mawimbi ya juu, kama ya megahezi 3,500, na hayo hayafiki mbali. Ukiipandisha simu hiyo juu ya kichuguu chako, itashika mtandao uleule wa kitochi.

Nimepanda minara miaka kumi na minne. Siku moja upande wa Mpwapwa tulimaliza kufunga antena za 2G, tukashuka jioni, tukamkuta bibi anaongea na simu mlangoni kwake, amekalia kigoda, miguu kainyoosha. Akatuambia hajawahi kuzungumza na mwanawe akiwa amekaa. Tangu hapo, nikisikia G mpya, huuliza kwanza imefika mlango wa nani.

Kwa hiyo kitochi usikitupe. Ukipata fedha, nunua cha 4G. Vipo, na vina vitufe vilevile. Mwambie mwanao aangalie kama kina bendi ya 20 na ya 28: hayo ni mawimbi ya megahezi 800 na 700, yanafika mbali.

Ninachokiogopa mimi ni 2G kuzimwa siku moja kwa kuwa mjini haihitajiki tena, wakati bei ya mahindi yako na fedha zako zote zimo humo. Mei 2023 hapa Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini. Muulizeni diwani kama kata yenu imo. Kama haimo, mtendaji awaandikie barua kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, mfuko wa serikali unaosaidia kujenga minara vijijini: idadi ya kaya, shule, zahanati, na umbali wa kutembea hadi penye mtandao. Andikeni wazi kwamba mnaomba mnara wenye 4G.