Mwanangu, umeniuliza hiyo DS ni ya nini

Mwanangu, voisi noti yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Unauliza mama hii DS, hilo somo la Development Studies la chuoni, tunasomeshwa ya nini, mwalimu anasoma slaidi, sisi tumejazana ukumbini kila mtu na simu yake, na kila kitu kipo Google. Kwenye slaidi uko sahihi kabisa, nyoosha mkono umuulize mbishane, ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kutoa maoni na mimi nataka uutumie.

Ila hilo la kila kitu kipo Google, hapana.

Unamkumbuka yule kijana fundi simu wa pale stendi, aliyekubadilishia kioo kabla hujaenda chuo? Mwaka jana picha yake iliingia grupu la mtaa, imeandikwa MWIZI WA WATOTO TUMA KWA WENGINE. Nilikuwa nakoroga uji, hata sijaimaliza kuisoma nikairusha kwa wenzangu wa VICOBA na wa kwaya, nikijua nawalinda watoto wa watu. Jioni napita stendi nakuta kibanda kimevunjwa, mama yake kachuchumaa anaokota vinati vya simu mchangani, kimoja kimoja, anavitia kwenye kifuniko cha Blue Band. Kijana mwenyewe yuko hospitali. Na yule mtoto aliyesemekana kaibiwa alikuwa kwa shangazi yake, kalala.

Sijawahi kukuambia hii. Nilienda kumwomba radhi yule mama, akanivutia kiti nikae, hakusema neno.

Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ukisambaza habari unayojua ni ya uongo ukitaka kudanganya watu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Mimi huenda isingenishika maana sikujua kama ni uongo, na hapo ndipo panaponiuma, kwamba pale jikoni hakukuwa na polisi wala hakimu, ni mimi na kidole changu tu. Na sisi shuleni tulikuwa na somo la Siasa, tunakariri ahadi za mwanaTANU, "nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko", nimeitamka utoto wangu wote na asubuhi ile haikunijia hata kidogo.

Ndio maana nakuambia hilo somo lenu la DS msikariri kama sisi mkafaulu mtihani mkaliacha hukohuko. Leteni darasani meseji zenyewe za kwenye magrupu yenu, muulizane hii kaandika nani, ya lini, picha imetoka wapi, ikiwa uongo nani atapigwa. Mwalimu akikataa fanyeni wenyewe hosteli, wanne watano mnatosha.

Yule kijana karudi kazini, kafungua kibanda kingine nyuma ya soko. Simu yangu siku hizi haishiki chaji vizuri na bado sijaweza kumpelekea. Ukija likizo twende wote.

Mama yako