Daktari wa akili au mwanasaikolojia?

SWALI: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Makorora, Tanga. Nataka kutibu wagonjwa wa akili. Niwe daktari au mwanasaikolojia? Fizikia naiweza ila siipendi, kwa hiyo nafikiria CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kidato cha tano.
Msomaji wa kike, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yetu. Umeandika kwa wakati, maana hiyo CBG itakuamulia kabla hujaamua mwenyewe. Udaktari hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na wengi hulijua hilo wakati wa kuomba chuo, walipokwisha chelewa. Daktari wa akili husoma udaktari miaka 5, hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi, kisha ubingwa miaka 3, kwa mfano Muhimbili. Saikolojia ni shahada ya miaka 3, lakini hiyo peke yake haimfanyi mtu mtibabu. Ongeza uzamili wa saikolojia tiba, miaka 2.

Sasa kazi yenyewe. Kijana ameletwa hospitali ya Bombo anaweweseka, usiku wa tatu hajalala, nyumbani wameshasema ni pepo. Daktari hupima kwanza malaria na sukari, kwani malaria iliyopanda kichwani humvuruga mtu vilevile. Damu ikiwa safi ndipo anapofikiria ugonjwa wa akili, anaandika dawa, pengine anamlaza. Akimpa lithiamu, mojawapo ya dawa hizo, lazima ampime damu mara kwa mara: kiasi kinachotibu na kinachodhuru viko karibu mno.

Mwanasaikolojia haandiki dawa. Hukaa na mgonjwa dakika 45 hadi 60 kila wiki, mara nyingi wiki 12 hadi 20, wakiichambua fikra inayozaa hofu na kuijaribu katika maisha ya kila siku. Matunda huja polepole, na mgonjwa akikatiza katikati, kazi kubwa hupotea. Asiyependa kusikiliza asiiguse kazi hii.

Sisi tungechukua PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Fizikia utaivumilia miaka 2, na milango yote miwili inabaki wazi; ukiwa na CBG, mmoja umeufunga. Ila usiichukue kama hesabu zinakushinda, maana alama mbovu hufunga yote. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoka kila mwaka, usome wenyewe kabla ya kujaza fomu.

Kisha omba, kwa barua ya shule, kutembelea Lutindi kule Korogwe, hospitali ya akili iliyoanza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Ukiwa wodini, angalia jicho lako linamfuata nani: anayesoma faili la dawa, au aliyekaa na mgonjwa benchini.